Karani Aliyefoka kwa Niaba ya Samaki

Nikimkumbuka Karani, sura yake hainijii kwanza. Inayonijia ni sauti. Namsikia akifoka mlangoni kwetu, vumbi la barabara bado liko kwenye viatu vyake, kidole amekielekeza juu ya televisheni yetu.

"Nani aliwaambia samaki ni kalenda? Nani? Mnamtia kwenye chupa ya jemu, mnamweka juu ya kitu kinachochemka, halafu mnamtazama mkinywa chai! Hamwoni anavyopanua mdomo juu ya maji? Anatafuta hewa! Anakufa mkimtazama!"

Baba alikuwa ameketi na kikombe mkononi. Alikuwa dereva wa lori, mtu mpole asiyependa kelele akiwa nyumbani kwake. Samaki yule alimnunulia ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa ametoka hospitalini baada ya malaria na hakutaka kula wala kucheza. Mwanzoni mwa miaka ya tisini samaki wa dhahabu walikuwa wameuingia mtaa wetu wa Umoja kama homa. Kijana mmoja aliwauza karibu na soko, kila mmoja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, na aliwaambia wazazi kwamba samaki hana kazi. Bakuli la maji, vipande vya mkate, basi. Watu wakanunua. Wiki haikuisha kabla samaki hajaelea tumbo juu, watoto wakalia, na wazazi wakarudi sokoni kununua mwingine.

"Hii ni nyumba yangu," Baba akasema.

"Na samaki ni wa nani?"

"Wangu pia."

"Basi mtunze kama wako!"

Akaondoka bila kuaga. Baba akaapa kwamba mtu huyo hatakanyaga tena kwetu. Hatujaosha hata vikombe, mtu huyo akarudi. Alibeba karai pana lenye maji, akaliweka chini mahali pasipofikiwa na jua, akapiga magoti. Alichota maji ya karai kwa kikombe, akayaongeza kidogo kidogo kwenye chupa, akangoja, akaongeza tena, ili samaki azoee. Kisha akaiinamisha chupa ndani ya karai mpaka samaki akatoka mwenyewe.

"Polepole, mzee," akamwambia samaki. "Polepole. Hakuna anayekufukuza."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Wala sikumsikia tena akimsemesha hivyo mtu yeyote mwenye miguu.

Alikuwa jirani yetu. Mlango wake na wetu uliangaliana, na katikati palikuwa na ua mdogo wa saruji uliokuwa na mfereji mmoja wa maji ya bomba. Kwao ni Ukambani, sehemu gani sijui, sikuwahi kuuliza. Alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja cha rangi huko Industrial Area. Alikuwa na mke mmoja, binti mmoja, na tangi la kioo lililojaza ukuta mzima wa sebule, na humo samaki wake waliogelea wakiwa wanene kama ngumi. Aliwapata vipi na tangi alilitoa wapi, kila mtu mtaani alikuwa na hadithi yake. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kwenye sebule ile tangi lilipewa nafasi kwanza, na viti vikaenea palipobaki.

Jumamosi alasiri mlango wake ulikuwa wazi. Familia zilikuja na chupa, sufuria, ndoo za rangi, kila mmoja na samaki wake anayesinzia. Karani alivaa fulana nyeupe na suruali ya kazini iliyopigwa pasi, akawapanga uani kama anayegawa barua.

"Umebadilisha maji lini?"

"Jana, mzee. Yote. Nikaosha na sabuni."

"Na sabuni! Nikikutoa kwako sasa hivi nikakutupa Mombasa bila shati, utasikiaje? Unatoa sehemu ya maji, unaacha mengine. Sabuni usiisogeze hapo! Na maji ya mfereji yana dawa. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi mpaka kesho, dawa itoke, ndipo umpe."

"Na chakula?"

"Kidogo. Kile anachomaliza ukiwa bado umesimama hapo. Kikibaki kinaoza, na kikioza kinamuua. Na usimpe kwa sababu amekuja juu kukutazama. Huyu atakuja hata akiwa ameshiba. Huyu hajui kushiba, wewe ndiye unayepaswa kujua."

Mtu alipomuuliza kwa nini ni lazima apige kelele, alijibu vilevile kila mara: "Samaki hana sauti. Nampigia mimi."

Nitasema ukweli wote, hata ule unaomfaa. Hakuwahi kumdharau maskini. Siku moja mzee wa kanisa alikuja na bakuli la kioo la mviringo lenye utepe, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake. Karani aliligeuza mikononi, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hilo ni la kuwekea ndizi. Nyuma ya mzee yule alikuwa amesimama mama mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Mathare na samaki wake kwenye karai la kufulia lililozibwa ufa kwa lami. Alikuwa akilificha kwa kanga. Karani alilitazama, akachovya kidole majini, akanusa.

"Lami hii imekauka zamani?"

"Zamani sana."

"Ni pana. Hewa inaingia. Mama, leta kiti uketi hapa mbele. Wewe umemfikiria."

Mama yule alicheka, machozi yakiwa karibu. Mimi niliona, na siku hiyo nilimpenda Karani. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi. Mtu mbaya mwanzo mpaka mwisho hanisumbui. Huyu alijua. Alijua kabisa jinsi kiumbe anavyotunzwa.

Maji, kwa mfano. Mfereji wetu wa uani ulikuwa ukikauka siku baada ya siku, na ulipotoa, ulitoa uzi mwembamba wa maji huku wanawake wamepanga mitungi mpaka barabarani. Tangi la Karani lilitaka maji, na maji yale hayakutembea yenyewe. Yalichotwa na Mama Ndinda, mkewe, na Ndinda mwenyewe, binti yao, rafiki yangu wa tangu tulipocheza mchezo wa kati kwenye vumbi. Walipanga foleni kabla ya shule na kabla ya kazi. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa samaki. Wa pili, kama upo, ulikuwa wa kupika.

"Watoto wetu wanalala na matope miguuni, samaki wake wanaogelea," majirani walinong'ona. Hawakumnong'onea yeye. Walimwambia Mama Ndinda, aliyesimama nao kwenye foleni na shingo iliyokakamaa kwa kubeba, na yeye akainamisha kichwa kana kwamba samaki ni wake.

Karani hakupoteza hata tone, hilo pia ni kweli. Maji yaliyotoka kwenye tangi aliyamwagia sukuma wiki nyuma ya nyumba, na sukuma yake ilikuwa na majani mapana kuliko ya mtu yeyote. Aligawia mtaa mzima. Ila mtungi hakuwahi kuubeba.

Ndinda alikuwa kidato cha tatu alipopata mimba. Alinieleza nyuma ya bafu, kwa maneno machache.

"Shiro, nimeshikwa. Yule msee wangu amehama. Nimeenda kwao, nyumba imefungwa."

"Mama yako anajua?"

"Leo. Nitamwambia leo akitoka mkutano wa akina mama. Yeye kwanza, halafu yeye ndiye atamwambia buda."

Huo ulikuwa mpango, mama kwanza kisha baba, na ulikuwa mpango mzuri. Lakini mtu fulani kazini alimwahi Karani na maneno, kwa sababu mtaani habari kama hiyo haikai. Alirudi mchana jua likiwa utosini, saa ambayo hakuwahi kurudi. Mimi na Ndinda tulikuwa uani tukianika nguo. Hakuingia ndani. Alisimama palepale na koti lake.

"Ni kweli?"

Ndinda alikuwa ameshika shati la baba yake, limelowa, linachuruzika miguuni.

"Nimekuuliza, ni kweli?"

"Baba, ngoja Mama aje nikueleze..."

"Mama aje afanye nini? Toka. Toka na ulivyo."

"Baba, tafadhali. Nisikilize kwanza."

"Hakuna kusikiliza. Toka!"

Alifoka mpaka milango yote ikafunguka. Aliingia, akatoka na viatu vya shule vya Ndinda, akavitupa uani, kimoja huku, kingine kule. Mama yangu alikimbia kutoka ndani akamshika mkono: "Baba Ndinda, tulia, mtoto ni mtoto." Akauchomoa mkono wake.

"Mimi si Baba Ndinda. Kuanzia leo mtu asiniite jina hilo. Mimi ni karani wa kiwanda, niiteni Karani."

Basi tukamwita Karani. Wengine walimwita hivyo kwa woga, wengine kwa mazoea. Mimi namwita hivyo kwa hasira, mpaka leo.

Ndinda aliokota viatu, akavivaa bila kufunga kamba, akaenda. Nilimfuata mpaka barabarani. Nilipogeuka nyuma, kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona Karani amevua koti, amekunja mikono ya shati, anachota maji machafu kutoka kwenye tangi kwa kikombe, taratibu, asiwashtue samaki. Sijui alikuwa akiwaza nini, na sitaki kujua. Niliona tu mkono ule ukienda taratibu.

Mama Ndinda alirudi na Biblia yake mkononi akakuta mtoto hayupo. Hakulia mbele ya watu. Alizunguka mtaa mzima, akaenda kwa jamaa zao wote, na baadaye akampata katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kwenye chumba cha mabati cha msichana waliyesoma naye. Ndinda alikataa kurudi. "Hajaniita," alisema, na ilikuwa kweli.

Basi Mama Ndinda akafanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza kuliko mimba yenyewe. Asubuhi iliyofuata aliteka mtungi mmoja, akaupeleka jikoni, akaanza kupika. Karani akatoka.

"Na wa samaki?"

"Maji ya samaki atachota mwenye samaki."

"Unasema nini?"

"Umesikia. Mimi nilikuwa nachota na mwanangu. Mwanangu umemtoa. Mkono uliobaki ni wangu, na hautoshi."

Alisema hivyo akikatakata vitunguu, bila kuinua macho. Tangu siku hiyo Karani alipanga foleni na wanawake, na mtungi wake, na tai yake ya kazini. Hakuna aliyempisha. Hakuna aliyemtania pia, na nadhani angependa kutaniwa kuliko ukimya ule. Samaki hawakukosa maji hata siku moja. Alibeba mpaka bega likainama upande.

Nilidhani angeacha masomo ya Jumamosi kwa aibu. Hakuacha. Watu waliendelea kuja, na yeye akaendelea kufoka. Nilistahimili kwa muda mrefu nikisikiliza nikiwa mlangoni kwetu, mpaka siku ambayo mzee mmoja alileta samaki mwenye madoadoa meupe mwilini na kusema heri amtupe chooni, amchukue mwingine.

"Umtupe!" Karani akaruka. "Ameugua tu, unamtupa? Samaki mgonjwa si samaki mbaya! Mtenge. Mpe karai lake, maji yaliyotulia, mweke kivulini, kaa naye, mtazame kila siku. Wengine hupona. Wewe hujamngoja hata kidogo unataka kumtupa?"

Nilitoka mlangoni kwetu.

"Na Ndinda ulimtenga kwenye karai gani?" nikasema.

Watu wote waligeuza shingo kunitazama.

"Ulimweka kivuli gani? Ulimngoja saa ngapi?"

Karani alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilicho mbali.

"Mtoto wa nani huyu?"

Alikuwa amenijua tangu nikibebwa mgongoni. Kabla sijajibu, sauti ya Baba ilitoka ndani kwetu. Alikuwa amevaa fulana ya ndani tu, miguu mitupu.

"Wangu," Baba akasema. "Na amekuuliza swali."

Karani alisimama na samaki yule mgonjwa mkononi, ndani ya sufuria ya mzee. Akamrudishia mzee sufuria kwa uangalifu, asimwage, akaingia kwake, akafunga mlango. Jumamosi iliyofuata mlango ulikuwa wazi na yeye alikuwa uani na fulana nyeupe, kana kwamba hakuna aliyeuliza kitu.

Mama Ndinda alikuwa akienda Mukuru kila Jumapili baada ya ibada, na unga, na mafuta, na baadaye nguo za mtoto, kwa sababu Ndinda alijifungua salama mtoto wa kike. Siku moja Mama Ndinda aliniambia, macho yakimng'aa, kwamba kwenye mfuko aliokuwa ameuacha tayari karibu na mlango alikuta sukari ambayo hakuinunua yeye. Wiki nyingine, kopo la maziwa ya unga.

"Ni yeye, Shiro. Anaweka bila kusema."

Aliniambia kana kwamba ni habari njema. Kwangu haikuwa. Mtu mwenye sauti ya kusikika mpaka stendi, mtu aliyeweza kugombana na mzee wa kanisa kwa sababu ya bakuli, kwa binti yake anatuma sukari kimyakimya! Ndinda alikuwa akiamka alfajiri kutembea mpaka kwenye mageti ya viwanda, akasimama na mamia ya wenzake kungoja kuchaguliwa kibarua. Geti la kiwanda cha baba yake alilipita kwa miguu mara nyingi. Sukari ingemwambia nini?

Mwisho wa miaka hiyo ya tisini kiwanda kile kilipunguza watu, na Karani alikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa nimeshajifunza ushonaji na kupata cherehani yangu. Jumapili moja nilikwenda kwa Ndinda kumpelekea gauni la shule la binti yake. Nilipokuwa nakata kona ya kuingia kwenye njia yao, nilimwona Karani amesimama kando ya mtaro na koti lilelile, akitazama milango ya mabati inayofanana. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa mitupu, hakubeba kitu.

"Wanjiru," akasema.

Kumbe jina langu kamili alilijua.

"Unatafuta nini?"

"Mama yake aliniambia ni upande huu. Sikumwambia ninakuja."

"Mama yake nani?"

Nilimtaka aseme.

"Ndinda," akasema.

Nilimpeleka. Sikumpeleka kwa huruma, nilitaka kuona. Ndinda alikuwa nje akifua, pamoja na wanawake wengine wa njia ile, kila mmoja na beseni lake. Aliinua macho, akatuona, akarudisha macho kwenye beseni. Alikamua nguo aliyoishika mpaka ikaisha maji.

"Ndinda," baba yake akasema.

"Naam."

"Nimekuja... nimekuja tuzungumze. Tuingie ndani."

"Ulinifukuza nje, mbele ya watu. Zungumza hapahapa."

Karani aliwatazama wale wanawake. Akatazama mikono yake.

"Nilikosa," akasema, sauti ya chini kabisa.

"Hawajasikia."

"Ndinda..."

"Siku ile walisikia wote. Leo hawajasikia."

Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakainuka, na nikadhani sasa atafoka, sasa atageuka aende zake. "Nilikosa mimi," akasema, na safari hii njia nzima ilisikia. "Nilimfukuza mwanangu bila kumsikiliza. Hakuwa na kosa la kufukuzwa. Nilikosa mimi."

Mwanamke mmoja, povu limemfika viwikoni, akaacha kufua. "Mzee amekuja kufanya nini?" akamuuliza Ndinda.

Ndinda alimwelekezea baba yake kidevu.

"Kuomba," Karani akasema.

"Omba basi," mwanamke akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Ndinda alianika nguo aliyokuwa nayo, akapangusa mikono kwenye sketi, akaingia ndani. Nilidhani amefunga mazungumzo. Alitoka na kigoda, akakiweka pale nje, kando ya mlango, si ndani.

"Keti. Kuna chai."

Karani akaketi, magoti yake yakawa juu karibu na kidevu. Mimi nilimpa Ndinda gauni, tukashikana mikono kidogo. Nilikuwa bado na hasira. Kuna wanaofikiri neno moja likishasemwa kwa sauti linafuta yale mengine. Mimi nilikuwa nikiona kile kiatu kimoja uani huku na kingine kule, na miaka yote ya mageti ya viwanda. Hakuniomba msamaha mimi, na angeniomba nisingempa.

Nilipokuwa nageuka kwenda, binti wa Ndinda alichungulia mlangoni, akamtazama mzee yule aliyeketi kwenye kigoda chao.

"Mama, huyu ni nani?"

"Muulize mwenyewe," Ndinda akasema.

Mtoto akamsogelea. Mimi nikaondoka kabla sijasikia jibu.